Kilio cha Mlala-Kisimani

Mwaka ule Tsukuda Morio alimwambia mkewe kwamba nyenje wamepungua.

Alisema hivyo asubuhi, mwanzoni mwa mwezi wa nane, ameketi sakafuni mbele ya meza fupi, bakuli la supu ya miso mkononi. Dirisha lilikuwa wazi na shati lilikwisha kumganda mgongoni kabla hata hajatoka nyumbani. Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na uwanja wa hekalu wenye mti mkubwa, na kila kiangazi mti ule ulipiga kelele kana kwamba unakaangwa.

"Fusae, nyenje wamekwenda wapi mwaka huu? Joto lote hili, halafu kimya."

Mkewe alikuwa akikata matango. Kisu kikasimama juu ya ubao.

"Kimya wapi, baba? Mimi wameniamsha alfajiri. Hata sasa napaza sauti ili unisikie."

Tsukuda akatega sikio. Alisikia treni ya mizigo ikikokota mabehewa huko mbali. Alisikia mama wa jirani akipiga godoro lake kwa ufito kibarazani. Juu ya sauti hizo, pale ambapo nyenje wangekuwa, hapakuwa na kitu. Palikuwa kama rafu iliyoondolewa vyombo.

"Aa, hao! Nawasikia," akasema, akauinamisha uso kwenye bakuli.

Fusae alimtazama kitambo, kisha akaendelea kukata, polepole kuliko mwanzo.

Tsukuda alikuwa mtu wa Kamata, kusini mwa Tokyo, mtaa wa karakana ndogondogo ambako watu husalimiana kwa kupaza sauti kwa sababu ya mashine. Tangu ujana wake hadi mvi za kwanza alifanya kazi kwenye karakana iliyotengeneza ving'ora vya vivuko vya reli, vile vinavyolia kan-kan-kan kizuizi kinaposhuka. Yeye ndiye aliyekuwa akivijaribu. Kila king'ora kilichomfikia mezani alikisogeza sikioni, akakiwasha, akasikiliza kama sauti ina ufa, akakizima, akachukua kingine. Kuziba masikio kwa pamba kulihesabiwa uanauke. Wakongwe wa pale walisema kwa majivuno, "Sisi tunakula kwa masikio," na jioni walipokwenda kunywa walizungumza kwa kelele hata mwenye baa akawatengea chumba cha nyuma.

Karakana ilipofungwa, kazi nyingine ilimjia kwa mzaha. Katika sherehe ya kufunga mwaka ya watu wa mtaa, alichukua kengele ya mlango, akaugeuza waya kidogo, akaliziba tundu lake kwa kidole, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Watu wakacheka. Mmoja wao, mtu mnene aitwaye Ogasa, alicheka hadi akafuta machozi kwa tai yake, kisha ghafla akaacha.

"Wewe mzee, unaweza kuifanya ilie kama kitu ambacho hakipo duniani?"

"Kitu gani, bwana?"

"Nitajuaje? Si nimesema hakipo?"

Ogasa alikuwa na kampuni ndogo ghorofani, juu ya duka la tofu, iliyotunga michezo ya zile mashine za mkononi ambazo watoto wa siku hizo waliingia nazo hadi chooni. Baada ya sikukuu ya mwaka mpya Tsukuda alikuwa na meza yake pale, pamoja na jina la utani: Mzee Kivuko.

Kazi ile aliipenda kuliko alivyothubutu kumwambia mtu. Mashine ilikuwa na sauti nne tu ndani yake. Mbili zilikuwa filimbi kavu, ngumu, zisizo na pumzi. Ya tatu ungeweza kuichorea umbo lake mwenyewe, ngazi kwa ngazi, lakini ilitoka hafifu. Ya nne haikuwa noti kabisa. Ilikuwa mchanga unaomwagwa. Kwa hizo nne ilibidi apatikane ndege, apatikane chura, nyoka, na kila dude ambalo wachoraji waliamka nalo asubuhi. Ukitia mchanga kidogo mwanzoni, mnyama anapata koo. Ukiziweka filimbi mbili karibu karibu bila kulingana, zinagombana, na ugomvi wao unakuwa mtetemo wa kifua. Noti ukiiangusha, mnyama amekata tamaa. Ukiipandisha mwishoni, anauliza.

Nafasi nayo ilikuwa haba. Minobe Chikage, msichana aliyeandika programu, ndiye aliyegawa kumbukumbu ya mchezo, naye aligawa kama bibi mchoyo anayegawa sukari. Picha zilikula kwanza, maneno yakafuata, muziki ukapata makombo, vilio vya wanyama vikaramba sahani. Kwa hiyo haikuwezekana kila mnyama apewe kilio chake. Tsukuda alitunga vilio vichache alivyoviita mama, na kila mnyama akaazima kwa mama mmojawapo, akaambiwa tu: wewe lia juu zaidi, wewe lia chini, wewe vuta, wewe kata. Kinda la ndege na joka la moto walitoka tumbo moja. Hatari yake kila mtu pale aliijua: ukimgusa mama, umewagusa wanawe wote.

Mchezo wa mwaka ule uliitwa Kisimani. Mtoto anashuka ndani ya kisima kilichoachwa, tabaka baada ya tabaka, akikutana na viumbe, na chini kabisa amelala mmoja ambaye mchoraji alimchora bila macho. Walimwita Mlala-Kisimani.

"Huyo nataka mtoto akimsikia avute miguu juu ya kiti," Ogasa alisema. "Lakini asizime. Wakizima, tumekwisha."

Tsukuda alimtungia mama mpya, filimbi mbili nzito zinazogombana, na kwa uhaba wa nafasi akawapa viumbe wote wa tabaka za chini waazime hapohapo. Alisikiliza kwa hedifoni kubwa zilizounganishwa na mashine ya kazi mezani. Kilikuwa kilio cha mviringo, kama kitu kikubwa kinachogeuka ubavu majini. Alikionea fahari.

Asichokijua ni kwamba tangu majira ya kuchipua alikuwa akishusha kila kitu. Noti iliyomjia hafifu aliishusha kidogo, ikamjia wazi, akaridhika, akaenda kwa ya pili. Minobe ndiye aliyetania kwanza.

"Tsukuda-san, haya makinda yako mbona yanakoroma? Kifaranga kinaongea kama babu yangu akitafuta miwani."

"Ndege wa kisimani hao," alimjibu. "Wana mafua."

Chumba kikacheka, naye akacheka. Chini ya meza mikono yake ilikuwa imeshikana.

Ilikuwa desturi ya kampuni kuujaribu mchezo kwa watoto wa darasa la abakasi, jengo la jirani, wanaojifunza kuhesabu kwa shanga. Siku hiyo mwalimu aliwaachia mapema, wakapanda ngazi kwa kishindo, wakaketi juu ya mikeka kila mmoja na mashine yake. Tsukuda alisimama ukutani. Wenzake walizoea kutazama vioo vya mashine. Yeye alizoea kutazama nyuso.

Watoto walipofika tabaka za chini, msichana mmoja mwenye kishungi alikunja uso kama aliyeuma limau. Kidole gumba chake kikasogea ubavuni mwa mashine, kwenye gurudumu dogo la sauti, kikalizungusha hadi mwisho. Kisha cha jirani yake. Kisha vya walioketi nyuma. Kimoja baada ya kingine vidole gumba vilishuka, na watoto wakaendelea kucheza macho yaking'aa, hawana shida na mtu.

Tsukuda akangoja kilio. Chumba kilikuwa kimya kwake tangu walipoingia tabaka zile, na sasa alishindwa kujua ni kimya kipi kilicholetwa na vidole vya watoto na kipi alichokuja nacho mwenyewe.

"We mrembo," Ogasa akamwambia yule wa kishungi, "mbona umezima?"

"Inauma."

"Inauma wapi?"

Msichana akagusa meno.

"Kama uma ukikwaruza sahani," mvulana mmoja akasema.

"Uma mia!"

"Na sahani ya bati!" Wakaanza kushindana, wakicheka.

Walipoondoka Ogasa alikaa juu ya meza ya Tsukuda, meza ikalalamika.

"Mzee Kivuko. Uma mia."

"Nimesikia, bosi."

"Diski inakwenda kwa watu wa chipu tukitoka mapumziko ya Obon, sikukuu ya wafu. Ikishachomwa kwenye chipu, hata Buddha hawezi kuifuta. Watoto wakizima sauti, mimi nitakuwa nimeuza picha za shimo. Kama huwezi, sema sasa, nitafute kijana aje afumue vyote aanze upya."

"Nitaiweka sawa."

"Vyote, nimesema. Si hilo dude peke yake. Maana wote ni ndugu, au siyo?"

"Ni ndugu."

Alichukua mashine moja, akatoka nayo kwenye ngazi za nyuma, panaponuka maji ya maharage ya duka la tofu. Akaiwasha, akalizungusha gurudumu hadi mwisho, akamwita Mlala-Kisimani, akaibana mashine sikioni. Hakusikia kitu. Akabonyeza tena. Ndipo alipogundua kwamba mashine inatetemeka, kidogo sana, kwenye ngozi ya kiganja. Ilikuwa inalia mkononi mwake.

Alikuwa fundi, akaelewa. Sauti nzito haiji peke yake. Hubeba nyembamba nyingi juu yake, kama mkokoteni uliojaa nyasi. Hedifoni za mezani zilimpa mkokoteni mzima. Spika ya mashine, ndogo kama kifuniko cha chupa, ilishindwa kuubeba mkokoteni, ikautupa, ikabakiza nyasi. Nyasi hizo ndizo masikio yake yasizozipata tena. Kwa hiyo yule mnyama wa mviringo aliyemwonea fahari hakuwahi kutoka nje ya hedifoni. Aliyetoka alikuwa mwingine. Watoto walikwisha kumsikia, Ogasa alikwisha kumsikia, hata muuza tofu pengine, na Tsukuda, aliyemtunga, hakumjua.

Akakaa kwenye ngazi. Alimkumbuka mzee mmoja wa karakana ya zamani, Wakisaka. Masikio yalipomwisha walimpa ufagio. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Waliacha tu kumsemesha, kwa kuwa kumsemesha ni kazi, na siku moja kibao cha jina lake hakikuwapo ukutani, na hakuna aliyeuliza. Tsukuda mwenyewe hakuuliza.

Asubuhi yake Minobe alikuja mezani na mashine.

"Nimepunguza kidogo makali. Hebu sikiliza."

Akaiweka sikioni, akafumba macho, akabonyeza. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi.

"Naam. Sasa imelainika."

Minobe hakuondoka. Aliangaza huku na huku, akachuchumaa kando ya kiti.

"Tsukuda-san. Hiyo mashine nimeichomoa spika."

Feni iligeuka ikawapuliza, ikageuka ikaenda zake.

"Ndiyo maana imelainika," Tsukuda akajaribu. Minobe hakucheka.

"Ni sauti zote?"

"Za juu tu. Wewe nakusikia. Bosi namsikia, nani asiyemsikia bosi?"

"Inabidi umwambie."

"Nikimwambia, atafumua vyote. Umemsikia mwenyewe. Wanyama wote, kuanzia vyura." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Minobe-san, mimi sina kitu kingine. Nikitoka hapa nafanya nini, nikalinde maegesho ya baiskeli?"

"Mbona unaniweka mahali pabaya hivi? Mimi mdogo kwako."

"Najua."

"Bosi akiniuliza sitamdanganya."

"Hajakuuliza."

Msichana aliuma mdomo. Mwishowe alisema atakuwa masikio yake mpaka diski iende kwa watu wa chipu. Baada ya hapo Tsukuda mwenyewe, kwa kinywa chake, amwambie bosi. Na siku ya majaribio ya pili atakaa mbele yake. Dude likilia, atagusa shingo.

"Ukiona mkono shingoni, ushtuke kama watu. Usizidishe."

"Nitashtuka kiungwana," Tsukuda akasema, na hapo ndipo Minobe alipocheka kidogo, bila furaha.

Jioni hiyo, akirudi nyumbani, baiskeli ilimpita ikamkwaruza kiwiko hata mkoba ukaanguka. Mwendeshaji, mama mwenye mtoto kwenye kiti cha nyuma, aligeuka uso umemwiva.

"Nimepiga kengele tangu kule posta! Unataka nikupigie ngoma?"

Akainama kuomba radhi. Wakasema wahenga, mficha maradhi kilio humfichua. Tsukuda aliokota mkoba, akatembea akiwa ameng'ang'ania ukuta, na kila hatua chache aligeuka kutazama nyuma.

Obon ilipofika ofisi ikabaki tupu. Watu walikwenda makwao kuwapokea marehemu wao. Milangoni mwa Kamata kulikuwa na vyungu vidogo vyenye majivu ya moto wa kuwaonyesha wafu njia. Fusae, aliyefuata mila kama kwao Niigata, alitengeneza farasi wa tango na ng'ombe wa bilinganya wenye miguu ya vijiti, wa kuwabeba wafu njiani, akawapanga mbele ya picha ya baba mkwe. Alipomwona mumewe akivaa viatu alisimama mlangoni.

"Hata wafu wamepewa likizo waje nyumbani. Wewe unakwenda kumpokea nani?"

"Kuna kazi kidogo."

"Baba," akasema, na akangoja mpaka mumewe amtazame usoni ndipo akaendelea. "Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Jioni," alisema Tsukuda.

Ofisini jua lilipenya kwenye mapazia. Minobe alikuwa amekwisha kuwasha mashine.

"Niambie likoje," Tsukuda akasema.

"Ni baya."

"Baya si neno. Hata kabichi huwa baya. Niambie."

Minobe akabonyeza, akasikiliza, akabonyeza tena. "Kama mtu yuko ndani ya tangi la bati, anakwaruza kwa kucha. Hana haraka. Anajua utamfungulia."

Tsukuda akaitazama mashine.

"Mimi sikutunga hilo."

"Ndilo lililomo."

Wakaanza. Tsukuda alizijua namba kama mcha Mungu ajuavyo sala zake. Alibadili, Minobe akasikiliza kwenye spika ndogo, akasema pandisha, akasema si hapo, filimbi ya pili inalia peke yake, irudishe. Kila walipomgusa mama, ilibidi Minobe awapitie wana wote, mmoja mmoja, na kutoa habari. Chura amepona. Nyoka sasa anapiga chafya. Popo ni mzuri, mwache popo. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu akikusimulia nyumba yako mwenyewe iliyoungua, chumba kwa chumba.

Mchana ulipogeuka walifika mahali. Tsukuda alikuwa amekifupisha kilio, akakipandisha juu sana, akakiinua kidogo mwishoni kana kwamba kinauliza, akamwaga mchanga nyuma yake, punje chache. Minobe alibonyeza, akasikiliza. Alikuwa amejikumbatia mikono. Miguu yake, bila yeye kujua, ilikuwa juu ya kiti.

"Nini?"

"Hilo."

"Lina uma?"

"Halina. Ni kama mtoto anaita kutoka chini." Akatafuta neno. "Ila anayeita si mtoto."

Tsukuda akavaa hedifoni. Kwenye kioo namba zilikimbia, zikafika mwisho, zikasimama. Akarudia. Zamani angalau mkokoteni ulibaki. Sasa walikuwa wameupandisha nao ukamtoroka, kwa kuwa noti yenyewe ilikaa huko walikokwenda nyenje.

"Hatuwezi kulishusha kidogo tu? Nami nilipate."

"Ukishusha, uma zinarudi." Minobe hakumtazama. "Samahani, Tsukuda-san."

Alikaa na hedifoni zile kichwani kwa muda, zimembana, zina joto.

"Hifadhi," akasema.

Jioni ile Fusae alingoja, wala hakuambiwa.

Majaribio ya pili yalifanyika watu waliporudi kazini. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Madirisha yote yalifunguliwa na feni zikawekwa kila kona. Mezani kwa Ogasa ulikuwapo mfuko wenye diski, tayari kwa mchukuzi atakayekuja kabla ya jioni. Watoto wa abakasi walipanda ngazi wakiwa weusi kwa jua la likizo. Minobe alikaa upande wa pili wa chumba, anatazamana na Tsukuda.

Wakashuka kisimani. Tsukuda alitazama vidole gumba. Tabaka za chini zilifika, vidole havikusogea. Watoto walianza kusogeleana, mabega yakagusana. Mkono wa Minobe ukapanda shingoni. Tsukuda akashtuka kidogo, kiungwana, na wakati huohuo mikeka yote iliruka. Wengine walijifunika nyuso kwa mashine zao. Aliona meno yao, walikuwa wakicheka. Mkono ukapanda tena, akashtuka tena, na Ogasa akampiga bega akiwa na uso mwekundu wa furaha.

"Mzee, wewe mchawi!"

Tsukuda alijisikia mwepesi. Kwa kitambo kidogo alisahau kuogopa. Alimtazama Minobe, naye Minobe, jasho likimtiririka, akapandisha mkono akajifuta shingo.

"Lo! Hilo sasa!" Tsukuda akasema kwa sauti kubwa, akacheka.

Watoto wakageuka. Vioo vyao vilikuwa vimesimama kwenye mlango, maneno tu, kila mmoja alikuwa akisoma. Yule wa kishungi alimtazama kwa mshangao.

"Babu, bado halijalia."

Wenzake wakaangua kicheko. Mkono wa Minobe ulibaki shingoni kama uliogandishwa.

"Nilidhani limekaribia," alisema Tsukuda.

Ogasa hakucheka. Alimtazama Tsukuda, akautazama mkono wa Minobe, akamtazama tena Tsukuda.

"Hebu niazime kidogo, kijana," akamwambia mtoto wa karibu, akachukua mashine, akaanza kutembea nyuma ya watu kana kwamba anatafuta penye upepo.

Tsukuda alitafuta macho ya Minobe. Msichana alikuwa ameibana mikono yote miwili katikati ya magoti, anatazama sakafu. Basi akatazama nyuso za watoto, kama alivyozoea. Aliona wa kwanza akiinua kichwa, kisha wa pili. Yule wa kishungi akavuta miguu juu ya mto aliokalia. Mmoja baada ya mwingine waliacha michezo yao, midomo wazi, kwa ile hofu tamu aliyoitafuta mwaka mzima, na wote walikuwa wakitazama mahali pamoja, karibu kabisa na kichwa chake.

Akageuka.

Ogasa alikuwa amesimama nyuma yake, mashine ameiinua hadi usawa wa sikio la Tsukuda, kidole kikibonyeza, kikiachia, kikibonyeza. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa nafuu.

Akamrudishia mtoto mashine. Akaenda mezani, akauchukua mfuko wa diski, akautia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Bosi, ni kizuri," Minobe akasema. "Vyote ni vizuri. Wewe mwenyewe umewaona watoto."

"Nimewaona. Na mchezo mwingine? Na wa mwakani? Nitakuwa nasubiri mkono wako shingoni?"

Ogasa, aliyezoea kukaa juu ya meza za watu na kuwaita kwa majina ya utani, alikuja mbele ya Tsukuda, akaiweka mikono sawa ubavuni, akainama kumuaga. Aliinama chini sana, kama watu wainamavyo msibani, na hakuinuka upesi. Tsukuda naye akainama. Nyuma yao watoto walikuwa wakidai dude lilie tena.